Trekta Lenye Upako

Ukimtafuta Fundi Thiik hapa Munuki huhitaji kuuliza njia. Simama stendi ya boda, nyamaza kidogo, utamsikia. Mwanamume yule anaongea, jamani. Anaongea akiwa chini ya gari, anaongea akiwa amebana spana kwa meno, na ukimpelekea jenereta lililokataa kuwaka atakupa kwanza habari za matrekta ya Kitale, kule kwenye mashamba ya mahindi alikofundishwa kazi baada ya kutoka kambi ya Kakuma, mpaka jenereta lenyewe lione haya liwake. Simsingizii. La kwangu liliwaka hivyo.

Mimi ni Josline, ila watu huniita Mama Joy. Nilikulia Uganda, Adjumani, nikarudi nyumbani, na sasa napika maharage na asida, ule ugali wetu, kwenye kibanda changu Hai Cinema. Hasira ninazo, sikatai. Mteja akiniambia chumvi imezidi na sahani ameshailamba, huwa namjibu. Kwa hiyo watakaosemwa humu wasinune, wanajijua.

Mwaka huu nilipata shamba ng'ambo ya mto, upande wa Gumbo. Si la kununua. Sultan wa pale, ndivyo tunavyomwita chifu, alinipa nilime, kwa sharti moja tu: mvua zikianza na udongo haujageuzwa, shamba linarudi kwake. Na alikuwapo mtu anayelimezea mate, bwana mmoja mwenye hoteli Thongpiny, aliyetaka kufyatulia matofali pale. Mume wangu hayupo tena duniani. Joy na wadogo zake wanakula kinachobaki wateja wakishashiba, na kuna siku wateja wanashiba sana. Nilikuwa naliota lile shamba. Karanga upande huu, mahindi upande ule, na mimi nimesimama katikati nikifokea kunguru. Ila nyasi za Gumbo zinamfika mtu kifuani, na kwa jembe la mkono ningezeekea mstari wa kwanza. Tumaini langu lote lilikuwa trekta la kikundi.

Sasa niwaeleze hilo trekta. Akina mama wa kanisa letu tuna kikundi cha kilimo. Shirika moja lililokuwa linafunga virago vyake likatuachia trekta jekundu, kuukuu, lenye kiti kilichochanika. Halikuja peke yake, lilikuja na semina. Tulipata semina ya umiliki wa trekta, semina ya trekta na amani, na semina ya uongozi bora ndani ya trekta, ingawa kiti ni kimoja. Tukala kuku, tukapigwa picha. Hakuna aliyetuonyesha mafuta yanaingilia wapi.

Ikaundwa Kamati ya Trekta. Mwenyekiti akawa Robert, aliyesomea Nairobi, ambaye huvaa suti hata jua likiwa la kukaanga mayai. Neno lake ni "changamoto". Mwambie nyumba yako inaungua, atatikisa kichwa taratibu na kukuambia hiyo ni changamoto. Na fundi, ambaye pia ndiye dereva, akawa Thiik, kwa kuwa ndiye aliyejua kazi, na kwa kuwa amemwoa Atong, binti wa Mama Atong, na Mama Atong ndiye mkuu wa akina mama wote kanisani. Akikohoa yeye, kwaya inasimama.

Hapo ndipo pilipili ilipoingia kwenye uji. Thiik ni Mdinka, na kwao mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Haongei naye, hali mbele yake, hamtazami usoni. Wakikutana njiani mkwe anaiacha njia, hata kama pembeni kuna mtaro. Ni heshima yao, na siidharau, hata sisi Wakuku tuna zetu. Lakini hebu mlione jambo lenyewe. Ule mdomo unaosikika mpaka stendi, kilemba cha Mama Atong kikitokea kona ile, unazimika kabisa. Nimemwona kwa macho yangu akiwa katikati ya hadithi ya Kitale, mkono uko hewani, mara akatumbukia nyuma ya pipa la maji. Sisi tukaendelea kunywa chai.

Siku trekta lilipoletwa kanisani tulilibariki. Mchungaji aliomba, akapaka mafuta kidogo kwenye boneti kwa kidole, akaenda zake kula. Yeye hana neno. Ila Mama Atong hakuridhika. Mtu hupakwa mafuta kichwani, alisema, sasa huyu kichwa chake kiko wapi? Dada mmoja, ambaye mpaka leo hataki kujitaja, akaonyesha kifuniko kidogo karibu na usukani. Mama Atong akakifungua akamimina chupa ya mafuta ya simsim, yaani ufuta, aliyoyakamua kwa mikono yake mwenyewe, masafi, yananukia. Tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote. Fundi peke yake ndiye angeweza kutuzuia, na fundi alikuwa nyuma ya ukuta wa choo akimheshimu mama mkwe.

Kile kifuniko kilikuwa cha tangi la mafuta ya usukani.

Usukani wa trekta lile ni wa pampu. Pampu inasukuma mafuta yake maalumu, mafuta yanasukuma magurudumu ya mbele, na dereva anageuza kwa kidole huku akila muwa. Ukiyachanganya na simsim, mchanganyiko ukapata moto wa injini kutwa nzima, unaanza kutoa povu, halafu unaganda na kuziba chujio. Haya ninayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba usukani umeanza kuwa mzito, na habari zilipomfikia Mama Atong kwamba trekta linaumwa, alifanya anachofanya mtu mwema akiona mgonjwa amezidiwa. Aliongeza dozi. Kila Jumapili baada ya ibada, chupa. Wenzake wakaona wasiachwe nyuma katika baraka, nao wakaja na vichupa vyao. Usukani ulipozidi ugumu, maombi yakazidi urefu, na maombi yalipozidi urefu, vichupa vikazidi wingi.

Kamati ilinipanga wa mwisho kwenye zamu za kulimiwa, kwa sababu kwenye semina ya amani nilimwambia Robert anyamaze. Zamu yangu ilipokaribia, trekta lilikuwa linajua jambo moja tu, kwenda mbele. Kugeuka, hakuna. Mama mmoja upande wa Rejaf alilimiwa mstari mmoja mrefu uliopita shamba lake, ukapita la jirani, ukaingia kwenye mihogo ya mtu wa tatu, na kesi yake bado inasikilizwa. Robert alipoulizwa alisema trekta limevuka mipaka ya matarajio.

Hapo ndipo Loro alipokuja kibandani kwangu. Loro ndiye mtu wa sultan anayeshughulika na mashamba, mpole, ana sauti ya kubembeleza hata anapokuua.

"Mama Joy, mimi iko na maneno ya sultan," akasema, akivuta sahani. "Jumatatu mimi nakuja kuangalia shamba. Kama udongo bado nalala, basi, kalas."

"Loro, mvua yenyewe haijanyesha."

"Mvua iko njiani. Lakini bwana ya hoteli, yeye ameshafika."

Alikula asida yangu akamaliza, akashukuru. Nilikata vitunguu siku ile nikawa na kisingizio cha macho.

Kesho yake, Ijumaa, nikafunga kibanda nikaenda gereji. Nilimkuta Thiik anaongea na tairi.

"Mama Joy, tulia, mimi hii ngoma naijua," akaniambia. "Kitale nilikuwa naitwa Daktari. Usukani ukikataa, msee hakimbilii pampu. Unaanza na kitu rahisi."

Nikakaa juu ya ndoo nikamtazama. Nikiri, mtu yule kazi yake anaijua, ila anaijua kwa kelele. Akapima upepo wa tairi za mbele, uko sawa, akanihutubia kuhusu upepo. Akainua mbele kwa jeki, injini imezimwa, akageuza magurudumu kwa mkono, yakaenda huku na huku bila kukwama. "Unaona? Vyuma viko poa. Ugonjwa uko kwenye mafuta, si kwenye mifupa." Akaugusa mkanda unaozungusha pampu, umekaza vizuri. Akawasha injini. Pampu ikaanza kulia, sauti nyembamba ya mbwa aliyefungiwa nje. Akafungua kile kifuniko.

Povu. Povu la kijivu, limefika mdomoni. Na harufu iliyopanda pale, mimi ni mpishi, pua yangu haidanganyiki.

"Thiik, hiyo ni simsim."

Akakirudisha kifuniko haraka. "Ni sili imeisha, kile kimpira cha kuzuia mafuta."

"Sili gani inanuka mboga ya simsim? Hayo ni mafuta ya Mama Atong."

"Mimi sijataja mtu." Alitazama kona ya barabara. "Mama Joy, umenisikia nikitaja mtu?"

"Umejua tangu lini?"

Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, ndogo kabisa. "Tangu mwanzo mwanzo hivi. Kila wiki naosha tangi. Yeye Jumapili anajaza. Naosha, anajaza. Nitamwambiaje? Nitasimama na mdomo wangu huu, nimwambie mama wa mke wangu kwamba mkono wake umeharibu kitu? Ukoo mzima utanikalisha chini. Atong mwenyewe hatanipikia."

Nilimwambia maneno ambayo mtu wa kanisa hasemi. Nilimwambia shamba langu linakwenda kuwa matofali ya hoteli kwa sababu mwanamume mzima anaogopa kilemba. Akawa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Nilitamani anijibu, hasira yangu ipate pa kushika.

Nikaenda kwa Robert. Robert alinisikiliza kwa makini sana, akaniambia jambo hili ni nyeti, linagusa imani, mila na mashine kwa pamoja, na kwamba ataunda kamati ndogo. Mama Atong ndiye anayeamua nani awe mwenyekiti, hilo hakulitaja. Nikamuuliza kamati ndogo itakutana lini. Akasema hiyo ndiyo changamoto.

Nikaona potelea mbali, nikaenda mwenyewe kwa Mama Atong. Nilimkuta uani anapepeta simsim, nikapiga magoti nikamsalimia kama inavyotakiwa, nikamweleza yote taratibu, na kwangu mimi kusema taratibu ni kazi kuliko kulima. Hakukasirika. Alinisikiliza, ungo mkononi.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mpishi. Mimi jino likiniuma siendi kwa fundi cherehani. Trekta lina fundi wake. Fundi akisema mafuta yangu ni mabaya, nitaacha leo leo."

"Mama, fundi ni mkwe wako. Hawezi kusema na wewe."

"Basi hajasema."

Akaendelea kupepeta. Nikainuka, nikafuta vumbi magotini, nikaondoka.

Jumamosi Thiik alifanya kazi ambayo, kwa haki yake, sijaona mtu akiifanya vile. Alikuja asubuhi hajanisalimia kwa hadithi. Alifungua mipira yote ya usukani akamwaga kilichomo, kikatoka kizito, kinavutika, mfano wa asida iliyolala. Chujio lilikuwa limezibwa na gundi ya kahawia, hata sindano haipiti. Akaosha tangi kwa dizeli, akaosha tena, akapitisha dizeli kwenye mipira mpaka ikatoka vile ilivyoingia. Akabadilisha sili, safari hii za kweli. Akaenda sokoni Kastom akarudi na chujio na mafuta yanayotakiwa. Akajaza, akawasha injini polepole, akawa anazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, hewa itoke, anaongeza mafuta kidogo, anazungusha tena. Kilio cha pampu kikafifia, kikaisha.

"Njoo ujaribu," akaniambia.

Nikapanda, nikaweka kidole kimoja. Magurudumu yakageuka. Nilicheka peke yangu pale juu ya kile kiti kilichochanika, mwanamke mzima.

Tukakubaliana jambo moja: trekta lisikutwe Munuki. Ibada ya Jumapili isilione. Alfajiri watu wakijiandaa kwa ibada, Thiik akalivusha daraja likaenda kulala shambani kwangu, na kanisani nikaimba nyimbo zote kwa sauti kubwa kama mtu asiye na jambo. Mama Atong alitazama mahali trekta linapokaaga, akanitazama mimi. Nikajua nimekwisha.

Jumatatu asubuhi Thiik alikuwa bado anafunga jembe la trekta, mdomo umemrudia wote, ananieleza Kitale walilimaje, mara nikaona vilemba vinakuja kwenye nyasi. Mama Atong mbele, akina mama nyuma yake, chupa mkononi. Walikuwa wamepanda gari mpaka Gumbo kwa ajili yangu. Wametoka Munuki, wameacha biashara zao, ili shamba la mjane lisilimwe bila kuombewa. Utamkasirikia nani hapo? Nilitaka kulia na nilitaka kumrukia, yote mawili.

Thiik alikuwa ameshapotea. Nilitazama nikaona viatu vyake nyuma ya gurudumu kubwa.

Waliomba vizuri. Walimtaja marehemu mume wangu kwa jina. Halafu Mama Atong akasogea kwenye kifuniko, akaweka mkono.

"Mama, tafadhali usimimine," nikasema.

"Fundi hajasema," akajibu, na akaanza kukifungua.

Nikaenda nyuma ya gurudumu. Thiik alikuwa amechuchumaa, uso umeelekea nyasi, jasho linamtoka. Sikumfokea. Nguvu za kufoka zilikuwa zimeniishia. Nilimwambia, "Thiik, Loro anakuja leo. Watoto wangu hawana pengine."

Thiik alijifuta jasho. Halafu akapiga bamba la gurudumu kwa kiganja, na akasema kwa nguvu, uso bado kwenye nyasi:

"Wewe trekta!"

Mkono wa Mama Atong ukasimama.

"Wewe trekta, nakwambia wewe, simwambii mtu mwingine. Ukitiwa simsim tena utakufa. Simsim ni chakula cha watu. Wewe chakula chako ni kingine, nimekupa juzi kutwa. Ukila vya watu unaziba roho. Nimekuosha mpaka mikono imechubuka, na kila nikikuosha unalishwa tena. Leo ukifa, shamba la Mama Joy limekwenda. Nimemaliza na wewe."

Akina mama walitazama chini. Mama Atong alirudisha kifuniko, akakikaza vizuri, akarudi hatua. Halafu naye akalitazama lile trekta usoni, kwenye taa zake.

"Wewe trekta," akasema, "mwambie fundi wako nimesikia. Na umuulize, majuma yote haya mdomo wake ulikuwa umeazimwa na nani? Mimi naambiwa mgonjwa yuko kwangu, naleta dawa. Naambiwa amezidiwa, naleta zaidi. Hakuna aliyeniambia dawa ndiyo inayomuua. Wanaume na suti zao, wanawake na vigelegele vyao, wote mmesimama mnanitazama namwaga." Akaibana chupa kwapani. "Heshima ya kumnyima mjane shamba, mimi sijaiomba kwa mtu. Mwambie alime."

Akageuka akaondoka na wenzake wakaenda kukaa mbali, migongo kwetu, ili mkwe aweze kutoka.

Mpaka leo wazee wa Kidinka wa Munuki wanabishana kama kusema na trekta ni kusema na mama mkwe. Upande mmoja unataka Thiik atoe mbuzi. Upande wa pili unasema mbuzi atolewe na trekta. Robert ameombwa ushauri, ameunda kamati.

Lakini asubuhi ile hakuna aliyebishana. Thiik alipanda, akawasha, akaingiza jembe ardhini. Udongo ukageuka mweusi, umelowa chini, nyasi zikalala chini yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa shamba, kwenye mpaka wa jirani, nami nilishika kichwa kwa mikono miwili kwa sababu kwenda mbele hata zamani lilikuwa linajua. Akafika mwisho. Trekta likageuka. Likageuka lote, taratibu, likanielekea.

Loro alikuwa amefika bila mimi kumwona, amesimama karibu yangu na fimbo yake. Alitazama mstari wa kwanza, akatazama wa pili unavyokuja. Akakuna shingo.

"Mama Joy," akasema, "sasa bwana ya hoteli, mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie kumelimwa," nikamjibu.

Halafu nikakaa chini palepale juu ya udongo uliogeuzwa, na gauni langu la kanisani nililovaa kwa heshima ya siku ile, nikalia mbele ya watu wote, na sikumjali yeyote.